Jumapili Nne za Kuomba Mvua

Mimi naitwa 'Mathakane, muuza maandazi wa kituo cha basi hapa Ha Lekola, na mzee wa kanisa kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadai nimeokota maneno kisimani. Sikuokota. Nilikuwepo, na mengine ningetamani nisingekuwepo.

Mchungaji Khoarai Monaheng alikuja kwetu na masanduku mawili, mke, na mtoto wa kike aliyefungwa kwa blanketi mgongoni mwa mama yake. Alikuwa mrefu, mkavu, na mabega ya mtu aliyeshika sururu miaka mingi. Alizaliwa huko juu milimani ambako theluji hufunga njia, akachunga kondoo wa babu yake hadi akaota ndevu, kisha akaenda migodini kama wanaume wote. Huko chini mwamba ulishuka ukawafungia wanne. Walikaa gizani siku mbili. Wa kwanza akanyamaza, wa pili akanyamaza, wa tatu akaimba nyimbo za kanisa mpaka sauti ikamwisha. Khoarai akamwambia Mungu: nitoe humu, nami nitakutumikia. Akatolewa yeye peke yake. Alienda chuo cha uchungaji mkono ukiwa bado kwenye bandeji.

Tulimpenda kwa ajili ya habari hiyo, na kusema kweli tulimpenda kupita kiasi. Kila mwenye mgonjwa na kila mwenye mwana jela alimkimbilia, kwa kuwa Mungu alikwisha kumsikia mtu huyu mara moja na bila shaka sauti yake anaijua. Hakuna aliyejiuliza kama na yeye ana mahali pa kukimbilia.

Msimu wa baridi wa pili, mtoto wao Lineo alishikwa na kifua. Mchungaji aliomba siku tatu kwa magoti, na siku ya nne akamzika mwenyewe, akisoma maneno yote bila kukosea. Jumapili akapanda mimbarini kama kawaida. Watu wakasema hiyo ndiyo imani. Mkewe akabaki kuitwa 'Malineo, mama wa Lineo, sokoni na kisimani, kila siku jina la mtoto aliye udongoni. Ndivyo wake wanavyoitwa kwetu, hakuna aliyemwonea.

Siku moja, miaka mingi baadaye, tukichambua maharage nyuma ya nyumba yao, aliniambia, "'Mathakane, ndani ya nyumba hii mchungaji ni mimi."

Nikacheka. Nikamuuliza basi mbona mshahara hachukui yeye.

"Sitanii, dada. Tangu Lineo, hajaomba humu ndani, hata juu ya sahani. Anavua kofia, anakaa, ananingoja. Nikimaliza kuomba, anakula."

"Na kanisani je?"

"Kanisani anaomba kwa niaba yenu. Ile ni kazi, na kazi haogopi. Yake mwenyewe hana." Alipuliza maganda kwenye ungo. "Siku moja atajibiwa. Jambo moja tu, hata dogo, na atarudi. Mimi namshikia nafasi yake."

Hilo nililihifadhi moyoni. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini hilo sikumwambia mtu.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Mahindi yalitoka urefu wa kidole yakakauka. Ng'ombe walilala chini wakashindwa kuinuka, na wenyewe wakawa wanawainua kwa kamba, asubuhi na jioni, mpaka siku ambayo kamba haikusaidia tena. Watu wakamwendea Mchungaji. Jumapili ya kwanza aliomba mvua kanisani. Jumapili ya pili alitupandisha kilimani, wazee na vikongwe wote, tukaimba mpaka midomo ikapasuka kwa vumbi. Jumapili ya tatu tulifunga tangu Ijumaa. Kila mara tulirudi nyumbani tukitazama juu kama kuku, na juu hakukuwa na kitu. Alianza kukonda. Kwenye meza ya Bwana, mimi niliyesimama karibu nilisikia kikombe kikigonga sahani.

Sasa, huku kwetu mvua ikigoma kuna njia ya zamani. Wanawake huenda kijiji jirani, huiba mwiko wa kusongea ugali jikoni kwa chifu, na kukimbia nao. Wenye mwiko hufukuza. Mwiko hurushwa kutoka mkono hadi mkono, na ukifika nyumbani, mvua ni yenu. Kanisa halitaki hata kusikia. Ntate Phoofolo, yaani baba Phoofolo, mzee mkuu wa kanisa, aliyestaafu uaskari jela lakini jela haijamstaafu, alimbana Mchungaji mpaka ile Jumapili ya tatu likatangazwa mimbarini: mwanamke atakayegusa mwiko huo atavua sare.

Sare yetu ni blauzi nyeupe na sketi nyeusi tu, ukiitazama. Lakini mwanamke huifua peke yake, huivaa Alhamisi kwenye maombi ya kina mama na Jumapili, na mara ya mwisho huivaa akiwa jenezani. Ukimwambia avue sare umemwambia atoke hata kaburini.

Alhamisi iliyofuata, maombi yalipokwisha, 'Malineo alinivuta mkono nyuma ya shule. Pale walikuwa wanawake kumi na wawili, wameshabadili nguo, wana viatu vya kukimbilia. Nami nilikuwa nimebeba gauni langu kuukuu kwenye mfuko. Tulikuwa tumepanga siku nyingi. Hatukutegemea mke wa Mchungaji.

"Naenda nanyi," akasema.

Nikamkumbusha kwamba daktari alimwambia moyo wake umekuwa mkubwa, asibebe hata ndoo.

"Basi nitakimbia kwa moyo mkubwa. Sikiliza, 'Mathakane. Jumapili hii ni ya nne. Akiomba tena na isinyeshe, huyu mtu amekwisha. Namlaza mimi, namwamsha mimi, namjua. Sijali mvua itoke kwa mwiko au itoke kwenye ndoo. Nataka inyeshe baada ya yeye kusema amina."

Tukamwambia abadili nguo. Alijitazama, blauzi nyeupe, sketi nyeusi. Akasema akirudi nyumbani mumewe atamuuliza anakwenda wapi, na kumdanganya hawezi. Kwa hiyo alikwenda hivyo hivyo, na sare. Lilikuwa kosa, na kumi na watatu tuliliona, na hakuna hata mmoja aliyevua shali yake akampa.

Mwiko niliuiba mimi. Mpishi wa chifu wa Ha Poshoane alikuwa nje akigombana na mbuzi, nikaingia, nikauchomoa sufuriani ugali ukiwa bado umeung'ang'ania, nikatoka mbio. Wanawake wa kule wakapiga yowe, wakatufukuza na matusi ambayo mzee wa kanisa hayarudii. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwiko uliruka huku na huku, na 'Malineo alikuwa nyuma yangu akihema, akisema maneno kwa pumzi fupi fupi. Nilidhani anatuhimiza. Niligeuka nikasikia vizuri anachosema, na nitakisema mahali pake.

Wa Ha Poshoane walichoka, wakabaki nyuma. Tulipokaribia kivuko cha mto mkavu mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Nikasikia kwato. Nikamrushia 'Malineo, nikajitupa nyuma ya ua wa mishubiri. Hadi leo najiambia ulikuwa mchezo tu, kwamba ilikuwa zamu yake. Lakini kwato nilizisikia kabla ya kurusha.

Ntate Phoofolo alisimamisha farasi. Wengine wote walikuwa wametawanyika kama vifaranga. Alibaki 'Malineo katikati ya njia, sare imejaa vumbi na mwiko umejaa ugali.

"Mama Mchungaji," Phoofolo akasema, "nisaidie, pengine macho yangu ni mabovu."

"Macho yako ni mazima, Ntate. Naomba njia."

Akampita farasi, akatembea na mwiko wake hadi kwa chifu wetu, polepole, mkono mmoja kifuani. Mimi nilibaki na miba miguuni, nikatembea kwa njia ya nyuma.

Jumamosi baraza la wazee likakaa. Mchungaji alikuwa kwenye kiti chake, nami kwenye changu, sketi ndefu ikifunika mikwaruzo. 'Malineo alisimama mbele yetu kwa sababu aliyeshtakiwa hakai. Phoofolo alimuuliza alikuwa na nani.

"Nilikuwa peke yangu, Ntate."

Huyu ndiye mwanamke ambaye hakuweza kumdanganya mumewe. Alidanganya baraza zima bila kupepesa, na hakunitazama, ili macho yake yasinionyeshe. Ningeweza kusimama. Nilihesabu mbao za sakafu. Nilijiambia kwamba mimi ni mjane, kwamba sare ndiyo kitu pekee kinachofanya watu hapa waniite 'M'e, yaani mama, na si muuza maandazi.

Mchungaji akamuuliza, "Kwa nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Kwa sababu ya mvua," akasema. Hakuongeza, na ilimpasa aongeze. Angesema tu, kwa sababu yako. Nadhani aliona akisema hivyo mbele yetu, atamvua mumewe nguo badala ya yeye kuvuliwa sare.

Mchungaji alifungua daftari la waliotengwa, akaandika jina la mkewe kwa mkono wake. Miezi sita bila sare, bila meza ya Bwana, benchi la nyuma. Phoofolo mwenyewe alipendekeza mitatu. Mchungaji akasema sheria haina nusu. Alishamfanyia hivyo hivyo 'Makopano, mama wa watu aliyetengwa kwa kupika pombe akafa kabla ya muda wake kwisha, tukamzika na gauni la kijani. Bintiye alilia akiomba sare, na Mchungaji akamwambia Mungu haangalii nguo.

Jumapili ya nne aliomba. Sijawahi kusikia maombi kama yale. Hakupaza sauti, alimweleza Mungu habari za ng'ombe, mmoja mmoja, kama mtu anayezungumza na bosi asiyeinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Nyuma kabisa, kwenye gauni la bluu, 'Malineo alikuwa akikohoa. Tukasema amina. Tukatoka. Jua lilikuwa kali kuliko Jumapili zote tatu zilizopita.

Jumanne 'Malineo alianguka jikoni. Niliitwa, nikamkuta kitandani, midomo myeusi. Mchungaji alikuwa amekaa pembeni amemshika mguu, na midomo yake haikucheza. 'Malineo akanitazama, akauliza, "Imenyesha?" Nikamwambia bado. Akasema, "Itanyesha." Alfajiri ya Jumatano akafa.

Alhamisi tulikwenda kumvika. Sare yake ilikuwa juu ya meza, imefuliwa na kupigwa pasi. Aliipiga pasi mwenyewe, ikingoja miezi sita. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Phoofolo alikuwa mlangoni, kofia mkononi, na nitamtendea haki: alikuwa analia.

"Ntate Mchungaji," akasema, "baraza likikaa leo hii linaweza kumfungua. Mimi sitapinga."

Mchungaji alitikisa kichwa. "Nitamwambia nini binti wa 'Makopano?"

Akaichukua ile sare, akaikunja vizuri kwa ile mikono ya mgodini, akanipa mimi.

"Chukua, 'M'e 'Mathakane. Wewe unaruhusiwa kuivaa."

Niliipokea kwa mikono miwili. Mdomo ulikuwa wazi na maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Nikasema, "Asante, Ntate." Tukamvika lile gauni la bluu.

Ijumaa mchana wanaume wakachimba kaburi, mwamba mtupu, sururu zikitoa cheche. Walipofika kina cha kifua upepo ukageuka. Kufika saa kumi mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba ndani ya nyumba tuliambiana mambo kwa ishara. Ilinyesha mpaka Jumamosi asubuhi na haikukata. Huko mtaani wanawake walipiga vigelegele, watoto walikuwa uchi kwenye matope, na kwa chifu ule mwiko ulitundikwa mlangoni. Watu walikuja msibani wakiwa wamelowa, wakijitahidi kukunja uso, lakini furaha ikawaponyoka. Siwalaumu. Walikuwa na ng'ombe.

Jumamosi ile nilivaa lile gauni kuukuu nililokimbilia. Nilizunguka nyumba za wenzangu tangu mapema nikiwaomba wasivae sare. Kati ya kumi na watatu tuliobaki, tulikuja sita. Wengine walikuwa wameshaipiga pasi.

Makaburini kaburi lilikuwa limejaa maji mpaka juu. Vijana walichota kwa ndoo, na walivyochota ndivyo lilivyojaa. Jeneza likangoja juu ya mbao. Ili kujaza muda, Phoofolo akapewa nafasi ya kusema. Alimsifu marehemu vizuri. Kisha akaelekeza kidole mawinguni.

"Ndugu, tuliomba Jumapili nne tukiwa na uchafu ndani ya nyumba. Mchungaji wetu akausafisha, hakumhurumia hata wa kwake, na Mungu akafungua mbingu. Ntate Mchungaji, umejibiwa."

Watu wakaitikia amina. Mchungaji alikuwa amesimama ukingoni, maji yanamchuruzika puani, na akamtazama Phoofolo kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya kigeni. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, wiki nzima baada ya lile baraza.

"Mwiko niliuiba mimi," nikasema. "Tulikuwa kumi na wanne. Mimi ndiye niliyemrushia niliposikia farasi wako, Ntate Phoofolo. Nilikuwa nyuma ya mishubiri."

Wale watano wakasogea wakasimama nami. Ndoo zikasimama.

Mchungaji akanigeukia. Nilitegemea hasira, na ningeipokea kwa shukrani. Akauliza tu, "Alikuwa anasema nini? Mkikimbia. Alikuwa hawezi kufanya jambo bila kusema kitu."

Basi nikamwambia, mbele ya watu wote, kile nilichokisikia kule njiani. "Alikuwa anaomba, Ntate. Alisema, Bwana, mpe hii moja tu. Mimi usinipe kitu. Mpe yeye hii moja."

Akalitazama kaburi lililojaa maji. Kina mama wengine wakaanza kulia kwa sauti.

"Basi amenipa," akasema.

Akafunga kitabu chake. Hakuomba. Alitoa ishara kwa mkono, na vijana wakashusha jeneza. Likagusa maji, likakataa kuzama. Wakalishikilia chini kwa miti huku wengine wakitupa mawe na tope juu yake, na yeye mwenyewe akavua kanzu ya uchungaji, akachukua koleo, akafukia kama alivyofundishwa mgodini, bila kupumzika, mpaka lile gauni la bluu, na sanduku lake, na maji yake, vikafunikwa.

Mwaka ule tulivuna. Mahindi yalikuwa mazuri, watu wengine hadi leo huyataja. Mimi nilitengwa miezi sita, na aliyeandika jina langu ni yeye, na hakunipunguzia hata siku. Phoofolo aliomba kupumzika uzee wa kanisa. Mchungaji bado anahubiri. Wageni wakimsikia husema ni mtu wa imani kubwa, na sisi tunaitikia. Sare ya 'Malineo iko kwenye sanduku langu, ndani ya gazeti, na sijawahi kuivaa.

Kila Alhamisi, maombi ya kina mama yakiisha, Mchungaji huja kwangu kula. Hakuna aliyemwalika, alikuja tu, wiki moja baada ya mazishi, akakaa. Napakua ugali na mboga, namwekea. Anavua kofia, anaiweka gotini, anainamisha kichwa, ananingoja. Mara ya kwanza nilidhani amesahau, nikangoja na mimi, chakula kikapoa. Sasa naomba. Naomba kwa maneno mafupi, kwa sababu mengi sina haki nayo. Nikimaliza hasemi amina. Anachukua kijiko, na tunakula.